Neno la Kwanza la Libérata

Watu wa kwetu wakimutaja Libérata Hakorimana wanasema alikuwa musichana mupole. Mupole! Mimi nilimujua tangu tukiwa na meno ya utoto, na ninawaambia, huyo mutu alikuwa mukaidi kuliko mbuzi wa kuvutwa na kamba. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: ukaidi wangu uko mudomoni, kila mutu anausikia. Wake ulikuwa miguuni. Asipotaka, haendi, basi.

Mwaka wa 1955 tulikuwa na miaka kumi na saba. Tulikuwa tunachuma pareto katika shamba la muzungu, juu huko Masisi ambako ukungu hautoki mpaka saa ine. Mustari mumoja wangu, mustari mumoja wake, na mudomo wangu katikati ukifanya kazi kuliko mikono. Kapita wetu, musimamizi wa wachumaji, Papa Barthélemy, alikuwa ananisema kila siku: “Athanasie, kama maneno yangekuwa maua, ungejaza vikapu kumi!”

Katika mistari ile njo tuliahidiana. Kwetu, bibi arusi anapelekwa bukweni, kwa wakwe zake, amefunikwa kitambala kichwa kizima, na hasemi. Rafiki yake musichana anamusindikiza, anakaa naye siku za kwanza, na yeye njo anasema kwa ajili yake: ana kiu, amechoka, chakula hiki hapendi. Tangu anapofunikwa, bibi arusi ananyamaza mpaka wakwe walete zawadi ya kumufungua mudomo. Kwa watu wenye mifugo, ni ndama jike. Neno lile la kwanza halisahauliki; mama yangu mpaka anakufa alikuwa anakumbuka kwamba lake lilikuwa “maji.” Basi tuliahidiana: atakayetangulia kuolewa, mwenzake atamusemea.

Halafu akaja Evode.

Evode alikuwa amerudi kutoka Walikale, alikofanya kazi ya barabara, amevaa shati nyeupe na kujua nyimbo ambazo sisi hatukuzijua. Alimuona Libérata kwenye kisima, ikawa imekwisha. Na nani alisimama njiani na mitungi miwili kuangalia kama Papa yake haji? Mimi! Mvua ikinipiga, nikiwa mulinzi wa mapenzi ya wengine, nao chini ya mugomba wanacheka. Nisiwadanganye, niliona wivu. Si kwa sababu ya Evode, Mungu anisamehe, hata masikio yake makubwa sikuyapenda. Nilikuwa nawaza: huyu atanichukulia mutu wangu. Siku moja nikamuambia Libérata hivyo usoni.

“Weye, una kichaa?” akanijibu. “Nina mikono miwili. Kwa nini nikate mumoja?”

Siku ya mazungumuzo ya bukwe, kupatana mali ya ndoa, ukoo wa Evode walikuja na shangazi yake, Mama Jeannette, mwanamuke munene mwenye sauti ya kuamuru. Alimuzunguka Libérata, akamutazama juu na chini, akasema, “Mutoto iko mwembamba hivi, atabeba nini?”

Nilijiuma ulimi, ukaniteleza. “Mama Jeannette, mulikuja kutafuta muke ao ng’ombe wa kuchinja?”

Nyumba nzima ilicheka. Papa yake Libérata alificha uso ndani ya kibuyu cha pombe. Mama Jeannette hakucheka.

Wiki moja mbele ya arusi alikuja kwetu, akasimama mulangoni, akakataa kiti. “Mutoto wangu Athanasie, usijisumbue kutafuta kikwembe cha kuvaa arusini. Colette, binti ya ndugu yangu, njo atamusindikiza bibi arusi. Libérata mwenyewe amekubali.”

Libérata mwenyewe amekubali. Maneno matatu tu, na moto ukaniwaka kifuani. Mutu mwenye akili angefanya nini? Angetembea hatua mia mbili mpaka kwa kina Libérata, aingie chumba alimofichwa, amuulize. Mimi nilinuna. Nililia, nikanuna tena. Jumamosi, siku Padiri alipowafungisha ndoa, nilibaki kitandani, nikatuma mutu aseme tumbo linaniuma. Kumbe uongo wangu mwenyewe ulimusaidia Mama Jeannette. Kanisani Libérata alipomuuliza niko wapi, akamujibu, “Anaumwa tumbo, maskini. Jumatatu atakuwepo.”

Jumatatu njo siku ya kumupeleka kwa bwana yake. Mimi nilichukua kikapu, nikaenda kuchuma pareto. Waende na Colette wao! Lakini njia ya kwenda kwa kina Evode inapita chini ya shamba lile, kando ya kijito. Nikasikia nyimbo. Nikajiambia, Athanasie, usigeuke. Nikageuka. Niliona mustari wa watu, mikeka na vikapu vichwani, na katikati mutu amefunikwa kitambala, ameshikwa mukono na mwengine. Macho yakanijaa, nikachuma maua na majani pamoja.

Yaliyotokea chini ya kitambala, Libérata alinieleza kisha. Bibi arusi haoni kitu isipokuwa udongo na miguu ya watu. Sasa, miguu yangu alikuwa anaijua. Kidole changu kikubwa cha kushoto hakina ukucha. Funza waliukula tukiwa watoto, na yeye mwenyewe njo alikuwa ananitoa funza hao kwa mwiba, mimi nikilia. Miguu iliyotembea kando yake ilikuwa ndani ya viatu. Akasema moyoni, labda Athanasie ameazima viatu kwa ajili yangu. Akaendelea kutembea. Walipofika kwenye kijito, wakavua viatu kuvuka maji. Akaona kucha kumi, kamili, nzuri.

Akakaa chini. Pale pale, juu ya jiwe, na kikwembe chake cha arusi ndani ya maji.

“Simama, mama, watu wanangoja,” Mama Jeannette akasema. Bibi arusi hakutikisika. Colette, mutoto wa watu, akajaribu kazi yake. “Anasema amechoka.” Kitambala kikatikisa kichwa: hapana. “Anasema ana kiu.” Hapana. “Anasema... anaogopa?” Hapana, hapana! Wimbo ukakufa. Kutoka juu niliona watu wamesimama kama mahindi, na sikuelewa.

Ndipo Libérata alivua kitambala. Akasimama, akatazama juu ya mulima, akafungua mudomo ambao ulikuwa na bei ya ndama, na akaita kwa sauti ambayo sikujua anayo:

“Athanasie-e-e!”

Wachumaji wote waliinua vichwa. Papa Barthélemy akaniambia, “Unaitwa.” Nikamujibu, “Nimesikia.” Kikapu kilikwisha kuanguka zamani. Nilishuka mulima ule nikiteleza, magoti yamejaa matope, na nilipofika nilikuta Mama Jeannette anamuelekezea Libérata kidole.

“Umetuaibisha! Neno la ndama umelitupa kwa muchuma maua!”

“Sikulitupa,” Libérata akasema. “Nimelitoa.” Akanigeukia. “Na weye? Tumbo gani hilo la siku tatu?”

“Si walisema umekubali Colette?”

“Nani amekubali? Nani?”

Tukatazamana. Kisha sisi wawili tukamutazama Mama Jeannette, naye akaanza kurekebisha kilemba chake.

Sijui nani alikimbia kumuita Evode, maana bwana arusi hakubaliwi kukanyaga njia ile. Alikuja mbio, bila kofia, masikio yote nje. Shangazi yake akamupokea. “Muambie muke wako achague! Familia yako, ao huyu mwenye mudomo!”

Libérata alisimama ndani ya maji, kikwembe kimemuganda miguuni. Nilitaka kumuambia aende tu, nilikuwa nimemusamehe, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu mudomo ulikataa.

“Evode,” akasema, “nakupenda, na unajua. Lakini huyu alisimama na mitungi miwili ndani ya mvua ili mimi niweze kukupenda. Sitachagua. Mukinilazimisha nichague, ninarudi kwa Papa sasa hivi, na vikwembe vyenu nitavirudisha kesho vikiwa vimefuliwa.”

Na alikuwa tayari ameelekeza miguu nyumbani. Mimi niliyemujua nilijua hafanyi muchezo.

Evode alitazama miguu hiyo. Akamutazama shangazi yake. Akajikuna nyuma ya sikio. “Shangazi, Colette amechoka. Apumzike.” Halafu akamuambia Libérata pole pole, “Na mimi? Neno langu la kwanza liko wapi?”

“La kwanza limekwisha,” akasema. “Utapata la pili.”

Akachukua kitambala, akajifunika tena kichwa kizima, akanyoosha mukono. Niliushika. Watu wote walinitazama, na matope yangu, wakingoja. Nikasafisha koo.

“Bibi arusi anasema, twende.”

Ndama haikuja, Mama Jeannette aliapa. Miaka mingi wanawake walimucheka Libérata kwenye kisima: huyu njo alifungua mudomo bure! Alikuwa anawajibu, “Si bure,” na kuendelea kuchota. Alilima maharagi na viazi kwenye mulima wa Evode, akazaa, akazika mumoja, akagombana na Evode na kupatana naye. Hakuna mutu aliyeandika jina lake mahali popote, isipokuwa Padiri kwenye kitabu cha ubatizo.

Mwaka wa 1957 ilikuwa zamu yangu, kuolewa na Isidore. Mwanamuke aliyeolewa hasindikizi bibi arusi, ni mwiko, na Mama Jeannette alikuja kutukumbusha. Wakanifunika kitambala asubuhi. Nikatazama chini. Kando yangu niliona miguu miwili ninayoijua, yenye visigino vilivyopasuka, udongo wa shamba bado katikati ya vidole, na juu yake nikasikia mutoto anakoroma mugongoni.

Zawadi yangu ilikuwa mbuzi, na ilichelewa siku tatu. Siku tatu nzima mimi, Athanasie, nilinyamaza! Papa Barthélemy aliposikia alikataa kuamini. Lakini ningesema nini? Sikuwa na mutu wa kuita; wangu alikuwa tayari kando yangu.