Siku Shangazi Modesta Alipoonja Nyati

Nyama ya kusaga inapogusa kikaango cha moto, harufu yake ikachanganyika na kitunguu na pilipili manga, watu wengi huona njaa. Mimi huona furaha mbaya. Juzi nilikuwa napita jioni kwenye kibanda kimoja cha chipsi hapa Morogoro mjini. Kijana wa kibandani alikuwa anageuza nyama za baga. Nikasimama, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza, "Sista, vipi, umeona nini?" Nikashika njia. Mimi siyo mwongeaji. Lakini ninyi nitawaambia, maana karatasi hainikodolei macho.

Tuliishi juu milimani, katika kijiji cha misheni, ambako mama alilima karoti, kabichi na njegere kwenye matuta yaliyoshika mlima kama ngazi. Nyumba ya bibi, mama yake baba, ilikuwa hapohapo jirani. Ukoo wa bibi ulikuwa na mwiko wake: nyati. Hawamli, hawampiki, na chombo kilichompika hakiingii tena nyumbani mwao. Aliyevunja mwiko huo, tuliambiwa, angetoka mabaka mwilini na meno yangemdondoka. Kwa kweli haukuwa mwiko mgumu. Huko kwetu kwenye ukungu na baridi, nani angekutana na nyati? Ilikuwa kama kumkataza mtu asile nyangumi. Lakini huko bondeni, karibu na mbuga, wenye kibali waliwinda nyati, na nyama yake ilifika hata kwa madereva. Hapo ndipo tulipopatikana.

Nilikuwa darasa la tatu. Mjomba, kaka yake mama, alipanda kuja kututembelea. Yeye ni dereva wa magari ya wageni wanaokwenda mbugani kupitia Kisaki. Alimpa mama mfuko wa nyama, akasema tu, "Dada, wapikie watoto," kisha akaenda kumtafuta baba shambani. Hakusema ni nyama gani, wala mwiko wa wakwe wa dada yake hakuujua. Yeye alidhani dada yake ameitambua, na mama alidhani ni ng'ombe. Akaipika katika chungu cha udongo alichoachiwa na marehemu mama yake, chungu cheusi chenye tumbo kubwa, kisha kama mkamwana mwema akakipeleka chote kwa bibi ili tule pamoja.

Sisi watoto tulikuwa tumeshaanza kuchovya ugali mjomba alipotokea mlangoni akitabasamu. "Haya, mmeionaje nyati yangu?"

Bibi alirudisha tonge kwenye sahani. Lakini aliyeinuka ni Shangazi Modesta, dada yake baba. Shangazi alikuwa mpishi wa sherehe, mwanamke aliyejulikana kuanzia mjini mpaka Gairo kwa pilau lake, na siku hiyo alikuwa amekuja kumsalimia mama yake. Alikibeba chungu kikiwa bado cha moto, akatoka nacho hadi kwenye jiwe la njiani, akakipasua. Kisha akatushika sisi watoto mmojammoja, akatulazimisha kusukutua kwa maji ya majivu mpaka nikatapika. Mama alikuwa amepiga magoti anaomba radhi. Shangazi alimwambia mbele ya majirani:

"Wifi, mkono wako ni wa jembe. Vyungu waachie wenye vyungu."

Kuanzia hapo, kila ukoo wa baba ulipokusanyika, iwe arusi au msiba, mama hakuruhusiwa kugusa chakula. Aliwekwa nyuma ya nyumba na masufuria machafu. Nilikuwa nakaa naye pale, mchanga na majivu vikitula vidole, tukisikia vicheko kutoka jikoni. Wala hakulalamika. Siku moja tu, akisugua ukoko wa pilau la shangazi, alisema bila kuniangalia, "Aliyekuvunjia chungu, usimvunjie chake. Mngoje jikoni." Niliona ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Nilipofika darasa la tano, kipaimara changu kikakaribia. Kwetu milimani, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jambo la mtoto halikamiliki mpaka mjomba amelizungumza. Kwa hiyo pande zote mbili zikaitwa nyumbani kwa mjomba, upande wa Mzinga, kupanga sherehe. Kabla hata ya siku hiyo, shangazi alikuwa ameshatangaza: "Chakula niachieni mimi. Mama Roza ataosha vyombo, kazi anaijua."

Roza ni mimi. Nililia chini ya blanketi, kimya. Sikujali gauni wala zawadi. Nilichotaka ni siku moja tu ambayo mama yangu asingekuwa nyuma ya nyumba, na iwe siku yangu.

Siku ya kikao, mama aliomba apike yeye kwa kuwa pale ni kwa kaka yake. Hakuna aliyeweza kumkatalia. Upande wa baba waliandaliwa kuku. Kwa upande wetu, mjomba alikuwa ametamani kitu alichokizoea huko anakopeleka wageni: baga za nyati. Mama alitangaza mapema, kwa sauti, ili kila mtu ajue kilichomo kwenye kila sufuria. Bibi alikubali. Kwa mjomba, alisema, watoto wa dada hula cha mjomba, mradi vyombo visichanganywe.

Jiko lilikuwa uani. Bibi alikaa kwenye mkeka. Shangazi aliletewa kigoda, naye akakisogeza mpaka akapata pa kuona vizuri, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Sasa, mama yangu alikuwa anajua kupika. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini siku ile nilimtazama nikataka kufunikwa na ardhi. Aliweka kikaango kwenye moto hafifu, makaa yenyewe yamevaa majivu. Akafinyanga nyama nene mno, zingine kama mayai, zingine kama nyayo za mtoto.

"Wifi, moto huo," alisema shangazi.

"Moto una nini, wifi?"

"Hauna kitu. Endelea."

Mama akaendelea. Akazigeuza nyama kabla hazijashika rangi, akazigeuza tena. Shangazi alijikuna shingo. Akakunja mguu, akaukunjua. Mke wa mjomba na majirani walianza kuchekeana. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba kumbe ni kweli, huyu ni wa jembe. Machozi yalinijaa.

Kisha mama akachukua mfuniko wa sufuria, akazigandamiza zile nyama kwa uzito wake wote. Maji yake yakatoka yakilia *chwaaa*.

Shangazi alisimama kama aliyeumwa na siafu. "We! Unaikamua kama nguo? Lete hapa!" Alishafika jikoni. "Nyati hana mafuta, ukimkamua unabaki na maranda! Ulichanganya mafuta ya kifua cha ng'ombe?"

"Sikuchanganya, wifi," alisema mama kwa unyenyekevu.

"Ona sasa! Na moto wake lazima uwe mkali, unamshtua juu halafu unamwacha apumzike. Mngekuwa kambini mngerudishiwa sahani!" Huku anasema, mkono wake ulishafanya kile ambacho mikono ya wapishi wetu hufanya bila kutumwa. Ulimega kipande, ukakiweka kwenye kiganja cha kushoto, ukakipeleka mdomoni. Shangazi alifumba macho, akatafuna taratibu.

"Chumvi imekolea," alisema. "Mafuta ndiyo hakuna."

Halafu akafumbua macho.

Wale waliokuwa wanacheka walibaki midomo wazi. Mama alikuwa amempa kila mtu mgongo, anafunika sufuria ya kuku polepole sana.

"Modesta," bibi aliita kutoka kwenye mkeka. "Umekula nini?"

"Mama, nimeonja tu chumvi. Nimesahau."

"Umesahau. Na hayo ya mafuta ya kifua cha ng'ombe, nayo umeyasahau wapi? Ni kambi gani hiyo wanarudisha sahani?"

Shangazi alitazama chini. Siri ikatoka kidogokidogo, kama mwiba. Miaka mingi nyuma, kabla hata mimi sijaingia shule, alipikia wageni wa uwindaji kwenye kambi moja upande wa Kisaki. Nyumbani alisema alikuwa anawapikia kuku na samaki. Mjomba alimwona huko kwa macho yake, na baga za nyati za Modesta zilisifiwa na madereva wote. Mama alikuwa ameambiwa hayo tangu wiki ile chungu chake kilipovunjwa. Lakini angesema, nani angemwamini? Wangesema kaka anamtetea dada yake. Ulihitajika mdomo wa Modesta mwenyewe.

Bibi alisonya. "Sherehe ya mtoto atapika mama yake," akasema, akageukia ukuta.

Hapo ndipo mama alipoinama chini ya meza akatoa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na nyama nyingine, imechanganywa na mafuta ya kifua, imefinyangwa bapa, zote sawasawa kama sahani za seti moja. Alichochea makaa, akakaanga harakaharaka, akazitia kwenye skonzi na nyanya na vitunguu vibichi. Alinipa mimi ya kwanza. Nyama ya nyati ni nzito kuliko ya ng'ombe, ina utamu unaokuja nyuma kama wa maini, na ile ilitoa mchuzi mpaka kwenye kiwiko. Nilikula nikimtazama shangazi. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na sidhani ulikuwa utamu wa nyama peke yake. Kwa miezi kadhaa baadaye, kila alipocheka, nilikuwa nachungulia meno yake. Halikudondoka hata moja. Niliona Mungu amezembea.

Siku ya kipaimara mama alisimama katikati ya masufuria, na Shangazi Modesta akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba kukaa na vyombo. Pilau lilipokaribia kuiva, mama aliita kwa sauti, watu wote wakisikia: "Wifi! Njoo uonje chumvi!"

Shangazi akaja. Akanyoosha kiganja. Nikajisemea moyoni kwamba mama amesamehe kama katekista wetu alivyotufundisha, na nikamwonea fahari.

Nilikuwa mtoto. Mama amemwita hivyo katika kila sherehe tangu siku ile, arusi na misiba, hata kama chakula ni maharage. Shangazi hawezi kukataa, maana kukataa ni kusema mengi zaidi. Hunyoosha kiganja, na watu hugeuka kutazama, na bibi huinamisha uso. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ule haukuwa msamaha. Chungu kilivunjwa mara moja. Mama anavunja polepole.

Mwezi uliopita tulibatiza mtoto wa kaka yangu, na mama alikuwa na homa, amelala ndani. Jikoni nilisimama mimi, ambaye siwezi kuwasalimia watu wawili bila kutazama vidole vyangu. Shangazi alikuwa amekaa mbali, amezeeka kidogo, nadhani alikuwa anashukuru. Wali ulikuwa umeiva. Chumvi ilikuwa sawa, niliijua kwa harufu tu. Nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia, ikivuka uwanja mzima:

"Shikamoo, shangazi! Njoo uonje!"