Kijiti Kilichohamisha Maneno

Nilijifunza kupiga taipu kwa masista wa Mbulu, vidole vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa ili nisivitazame. Sista aliyetufundisha alitaka macho yakae kwenye karatasi tunayonakili, basi. Nilipotoka pale nilirudi kwetu Tumati kwa muda mfupi, kisha nikaajiriwa katika ofisi ya shamba mojawapo la ngano la serikali, upande wa Hanang. Nilichapa barua, ripoti na orodha za vipuri kwa miaka kadhaa, na sikumbuki barua yangu hata moja kurudishwa kwa sababu ya kosa.

Halafu ikaja kompyuta. Iliwekwa juu ya meza yangu, ikafunikwa plastiki kwa ajili ya vumbi, na mashine yangu ya taipu ikapelekwa stoo. Pamoja na kompyuta alikuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye mashati meupe ambayo sijui aliyafuaje kwa maji yetu. Programu ya kuandikia alikuwa ameitengeneza mwenyewe, na aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa kwanza. Kwenye kioo palikuwa na kimstari kidogo kinachopepesa, kinachoonyesha herufi inayofuata itaangukia wapi. Mimi nilikiita kijiti.

Programu yake ilikuwa na tabia ya kuganda. Ili ajue kwa nini, akaingiza programu nyingine nyuma yake, akaiita dibaga. Alinieleza kwamba kazi yake ni kuisimamisha ile ya kuandikia kwa kitambo kidogo, kuchungulia ndani kutafuta makosa, kisha kuiachia iendelee.

"Wewe fanya kazi zako tu, dada," alisema. "Hutaiona."

Niliiona siku ileile. Nilikuwa ninachapa mstari wa kumi, nilipoinua macho nikakuta maneno yangu ya mwisho yamekaa katikati ya mstari wa saba. Nilimwita. Akatazama, akasema nimebonyeza kitufe bila kujua. Siku ya pili ikatokea tena, nikamwita tena. Mara ya tatu madereva wawili walikuwa mlangoni wakisubiri karatasi za safari, naye akacheka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Dada zetu wa huku milimani wamezoea jembe. Hii inahitaji vidole vyepesi."

Madereva wakacheka pia. Mimi nikanyamaza. Hadi leo hasira yangu kubwa ni juu ya ule ukimya wangu.

Wakati wa mavuno kombaini moja iliungua shambani. Waendeshaji wake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzee wa kijiji cha Dirma, mtu mtaratibu, aliyekuwa akiendesha mashine juu ya ardhi ambayo baba yake alichungia ng'ombe kabla shamba halijaja. Mwingine alikuwa mgeni wa mkoa mwingine. Kamati ikawahoji, katibu wake akaandika taarifa kwa mkono. Aya ya kwanza ilisema mzee alikuwa ametumwa na msimamizi kufuata dizeli, hakuwepo moto ulipoanza. Aya ya pili ilisema yule mwenzake aliiacha mashine ikiunguruma bila ruhusa, akaenda kulala kivulini.

Nililetewa taarifa hiyo niichape huku gari la makao makuu likiwa limeshawashwa nje. Meneja alisimama nyuma yangu, akisema haraka, haraka. Nilichapa kama nilivyofundishwa, macho kwenye karatasi. Ikatoka kwenye printa, meneja akaisaini akiwa amesimama, gari likaondoka. Sikuisoma tena. Hilo ni kosa langu, na sijawahi kulikana.

Wiki mbili baadaye mzee wa Dirma aliingia ofisini ameshika barua. Nilisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakukaa. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika habari zangu?"

"Nilizichapa, baba. Aliyeandika ni katibu wa kamati."

"Wamenifukuza. Wanasema niliacha mashine nikaenda kulala. Mimi nilikuwa nimekwenda na trekta kufuata pipa la dizeli. Wewe unajua."

Nilitoa faili. Katika nakala ya ofisi, mwishoni mwa aya ya kwanza, chini ya jina lake, palikaa ile sentensi ya mashine kuachwa ikiunguruma, ambayo yenyewe haikutaja jina la mtu. Aya ya pili ilikuwa fupi na safi, haina lawama yoyote. Nikatafuta karatasi ya katibu iliyoandikwa kwa mkono. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa nimempa mpishi wa chai awashie moto. Pale sentensi ilikuwa mahali pake.

Nilimpeleka mzee kwa meneja, pamoja na ile karatasi. Meneja alisoma, akavua miwani.

"Umemharibia mtu kazi," aliniambia.

"Si mimi, Bwana Meneja. Ni kile kijiti. Kinaruka. Nimemwambia mtaalamu mara tatu."

Akamwita mtaalamu. Naye akasema, bila hata kunitazama, kwamba kompyuta haihamishi maneno ya watu, na kwamba wachapaji wengi husema hivyo mwanzoni. Meneja akaniandikia barua ya onyo papo hapo, kwa kalamu. Kuhusu mzee akasema ni vigumu, maana makao makuu wakishaamua hawapendi kurudi nyuma. Yule mwenzake wa mkoa mwingine, aliyelala kivulini, alikuwa akiendelea kuendesha kombaini nyingine kila siku na hakufungua mdomo.

Kwa hasira sikusaini kupokea lile onyo. Lakini asubuhi iliyofuata nilifika kabla ya wote, jenereta lilipowashwa tu nikakaa mbele ya kioo, na safari hii nikafanya alichokataza sista. Nilitazama kioo tu. Nikachapa sala ya Baba Yetu mara nyingi mfululizo, nikingoja. Mwishowe nikaona. Chini kabisa ya kioo zilipita tarakimu fulani, zikawaka na kuzimika. Hapo hapo kijiti kikaruka juu. Nikaweka alama kwa penseli kwenye karatasi. Zilipopita tena, kijiti kikarudi mahali kilipokuwa wakati tarakimu zilipopita mara iliyotangulia. Nikahesabu mara sita. Mara zote sita ilikuwa hivyohivyo.

Nikaenda kuwaita. Meneja alikuja na kikombe cha chai mkononi, mtaalamu nyuma yake.

"Nitajie chochote nichape," nilimwambia meneja.

Akaanza kutaja aina za vipuri. Nilichapa mistari minne. Tarakimu zilipowaka chini, nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Tazama kijiti, Bwana Meneja. Usitazame mikono yangu."

Kijiti kikapanda mistari mitatu, chenyewe, mikono yangu ikiwa hewani.

Kisha mtaalamu akainama mbele, macho yanang'aa. "Ahaa! Inahifadhi nafasi ya zamani," alisema. "Ikimaliza kuchungulia inarudisha ile ya zamani badala ya ile ya sasa. Nimeipata!"

Nimeipata! Hakusema dada, umeipata. Hakusema samahani. Akaniomba nimpishe kiti aiondoe dibaga yake, na nilipobaki nimekaa akadhani sijasikia.

"Nimekusikia," nilisema. "Kwanza iandikwe barua ya mzee."

Nadhani hakuna aliyewahi kumsikia mchapaji akisema hivyo. Halafu meneja akaagiza mashine ya taipu itolewe stoo, nami nikachapa barua ya kwenda makao makuu, meneja akaisoma neno kwa neno kabla ya kusaini.

Jibu lilikuja katika bahasha iliyofungwa yenye jina la mzee, ngano ikiwa imeshaisha shambani. Niliomba niipeleke mwenyewe. Lori lilinishusha njiani, nikatembea hadi Dirma, nikamkuta mzee na mkewe wanapukuchua mahindi pamoja na majirani. Nilisalimia wote, shikamoo moja baada ya nyingine. Mzee akaniomba niifungue barua na kuisoma kwa sauti, wote wasikie.

Nikaanza. Anarudishwa kazini. Hana hatia. Mkewe akaweka mkono mdomoni. Kisha nikafika kwenye sentensi ambayo sikuwa nimeitegemea: makosa hayo yalitokana na uzembe wa mchapaji.

Ningeweza kuiruka. Hakuna aliyekuwa akisoma pamoja nami. Nikaisoma kama ilivyoandikwa.

"Mchapaji ni nani?" jirani mmoja aliuliza.

"Ni mimi," nilijibu. "Na wamesema uongo."

Mzee alisogeza magunzi kando, akapangusa kigoda kwa kiganja, akanionyesha nikae.