Makofi ya Kufyeka Pori

Juzi mkutanoni watu walipiga makofi, hasira ikanipanda. Utotoni, mtemi tuliyewekewa na serikali alitukusanya juani.

“Kesho wote mkafyeke pori, inzi wa ndorobo waliojificha humo wanamaliza ng'ombe kwa ugonjwa. Mmekubali?”

Baba alipiga makofi kwa nguvu, viganja vikinuka tumbaku. Nikadhani kafurahi.

Kesho yake alibaki kitandani.

“Baba, huendi porini?”

“Afyeke mwenyewe! Mtu anaulizwa huku askari kashika kiboko?”

Hakwenda mtu hata mmoja. Baba alichapwa, pori likabaki vilevile, na ng'ombe wetu wa maziwa akafa.

Huenda namwonea mtemi, maana kuhusu ndorobo alisema kweli. Lakini hasira haijanitoka. Baba angeulizwa bila kiboko, angetangulia na shoka lake.