Nilivyomvua Baba Kipimo cha Presha

Naikumbuka siku niliyotaka kumpiga mtu aliyekuwa anamwokoa baba yangu. Ndiyo, mimi huyu huyu, mwanangu, usicheke. Nilikuwa kijana mwenye nguvu na kichwa kigumu, nachunga ng'ombe zetu huko Bugomora.

Tata, ndivyo tulivyomwita baba, aliumwa kichwa wiki nzima, na damu ikaanza kumtoka puani. Mama akasema yatosha. Nikampeleka zahanati moja upande wa Isingiro, tukitembea polepole, tukipumzika kila kilima.

Mganga pale alikuwa Mhaya wa Muleba, mpole, kaptula yake imepigwa pasi. Akamkalisha Tata, akamviringishia kitambaa mkononi juu ya kiwiko, akaanza kuminya kimpira. Kitambaa kikavimba, kikabana. Zebaki ikapanda kwenye kioo. Mishipa ya mkono wa Tata ikatuna.

Lo! Mambo hayo mimi nilikuwa nayajua. Kwetu ng'ombe akitolewa damu, unamfunga kamba shingoni, unaikaza mpaka mshipa utune, kisha unaulenga kwa mshale mfupi. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe, tena nilisifiwa. Basi nikawa nangoja mshale. Mganga alipoingiza mkono mfukoni kutafuta chombo chake cha kusikilizia, sikungoja tena. Nikakirukia kile kitambaa, nikakichomoa, nikamvuta Tata bega.

"Tata, twende! Huyu anataka kukutoboa kama ng'ombe!"

Tata hakuinuka. Mzee yule akikasirika alikuwa anasema polepole.

"Ng'ombe haulizwi, maana hawezi kujibu. Huyu ana mdomo. Umemuuliza nini?"

Natamani ungeuona uso wangu.

Mganga wala hakununa. "Kaa wewe kwanza," akaniambia. Akanifunga, akaminya, vidole vikafa ganzi, nikajua leo ndiyo basi. Halafu akaachia hewa, fyuu! Hata mkwaruzo sikuwa nao.

"Kwisha?"

"Kwisha. Nasikiliza tu damu inavyosukuma. Mishipa ikikakamaa, inasukuma kwa nguvu zaidi."

Tata alicheka mpaka akakohoa. Lakini kipimo chake kilipita changu mbali sana, na mganga hakucheka. Alisema kama tungeondoka vile, mshipa ungeweza kumpasukia kichwani njiani. Akamkataza tumbaku na mizigo, akampunguzia chumvi, akamtaka arudi kila mwezi.

Tulirudi kila mwezi. Siku mganga aliposema, "Imeshuka, mzee," nilitoka nje nikalia kwa furaha, mwanamume mzima. Tata aliishi akawabeba watoto wangu wote. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyomvuta bega namshukuru Mungu kwamba hakunifuata.

Sasa nikuseme wewe. Mkeo ameniambia kichwa kinakugonga, na kila ukitajiwa kipimo unasema huna ugonjwa. Tata naye alisema hivyo hivyo, tena alisema akiwa na damu puani. Ugonjwa huu hauna adabu ya kubisha hodi. Kama unaogopa, sema unaogopa, si aibu, mimi niliogopa zaidi yako. Waulize waganga wakueleze, kisha upimwe, na wakikukataza kitu, kiache kweli.

Nenda kesho, mwanangu. Mungu ailainishe mishipa yako, akupe umri wa kuwaoza wanao, na mimi aniepushe na kukuzika.