Mwasumini wa Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliniletea mwasumini wake asubuhi ile ile aliyokuwa anapanda basi kwenda Dar es Salaam kupasuliwa tumbo. Ulikuwa kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Ni chipukizi la mti wa mama yao, na haukuwahi kulala nje ya nyumba ya Wifi.

"Nikirudi nikute uko hai," alisema. "Nisiporudi ni wako, ila najua utaukausha. Mikono yako ni ya kushika msahafu, si ya kushika udongo."

"Nenda zako, gari litakuacha."

Tumezoea kutaniana hivyo. Lakini alipofika mlangoni aligeuka kuutazama mti tena.

Nikaiweka ndoo ukumbini, chini ya dirisha. Nimefundisha watoto Kurani chuoni hapa Mchinga tangu ujana wangu, na somo la amana nimelirudia mara nyingi: cha mtu ukikipokea, ukirudishe kama kilivyo. Wiki ya pili nikaona kama pamba nyeupe kwenye vikonyo. Nikaigusa kwa kidole, ikatembea.

Nikafanya haraka, na haraka ndiyo iliyonikosesha. Nilikoroga sabuni ya unga ya kufulia hadi povu likajaa kopo, nikaumwagia mti wote saa saba mchana, jua likiwa dirishani. Kesho yake majani yalikuwa na mabaka ya kahawia kama yamepitiwa na pasi. Siku ya nne yakaanza kuanguka. Wadudu walikuwepo vile vile.

Siku hiyo Wifi akapiga simu. Alikuwa hajapasuliwa bado, wanasubiri damu yake ipande.

"Asumini yangu haijambo?"

Ulimi ulitaka kusema haijambo. "Inaumwa," nikasema. "Naitibu."

"Basi tuko wagonjwa wawili."

Najua mti hauna habari na tumbo la mtu. Kutazamia nuksi tumekatazwa, na mimi mwenyewe huwakataza wengine. Hata hivyo, baada ya swala ya alasiri niliwaombea wote wawili. Nikaona haya kuuombea mti, kisha nikaendelea.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu Mmakonde, mama wa kanisani, aliyeniletea mihogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akainama kwenye ndoo, akacheka. "Kumbe unafuga! Waone sisimizi hawa. Hao weupe ndio ng'ombe wao, wanawakamua utamu. Ukiua ng'ombe, wachungaji wataleta wengine. Wamwagie maji ya moto."

Nikamwambia tulifundishwa tusiue sisimizi ovyo, wala tusiadhibu kiumbe kwa moto.

"Basi waandikie barua wahame."

Barua sikuandika. Niliegemeza mwiko kwenye ndoo uwe daraja, nikaweka sukari kidogo sakafuni. Nilirudia hivyo siku tatu, na kila walipovuka niliwafagia nje taratibu. Kisha nikaweka tofali ndani ya beseni, ndoo juu ya tofali, maji kuzunguka. Matawi yaliyogusa ukuta nikayakata. Sisimizi waliorudi walifika kwenye maji, wakazungukazunguka, wakaenda zao. Jirani ananicheka hadi leo.

Ndipo akanielekeza sabuni ya mche, kipande kama ukucha wa kidole gumba kwenye lita ya maji. Safari hii nilijaribu jani moja kwanza, nikasubiri siku mbili. Lilipobaki kijani, nikawa kila Ijumaa baada ya swala ya alfajiri nafuta jani moja moja kwa kitambaa, juu na chini, kisha nasuuza kwa maji matupu. Vijiti vilivyojaa wadudu nilivikata nikavifukia mbali. Mara nyingine nilikuta wapya wameanguliwa, nikaanza tena.

Wifi akapasuliwa salama. Baada ya miezi miwili akaingia kwangu, amekonda, mkono mmoja tumboni. Akautazama mti.

"Nimekuachia msitu, unanirudishia mswaki!"

"Mswaki huo una machipukizi. Hesabu."

Hakuhesabu. Aliinama polepole, akanusa ua moja lililokuwa limefunguka.

"Uliposema mti unaumwa nilikasirika," akasema. "Baadaye nikaona afadhali. Kule hospitali kila mtu ananiambia hujambo, hujambo, na mimi naona kabisa wananificha."

Nikainyanyua ndoo kwa mikono miwili, nikaiweka miguuni pake. "Amana yako." Mabega yangu yakawa mepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Akageuza jani. "Na huyu mweupe?"

Alikuwepo kweli, mmoja.

"Huyo si wa amana," nikasema. "Hakuja nao."

"Usinichekeshe, mshono!" Akashika tumbo, anacheka machozi yanamtoka. Nikasema alhamdulillahi, nikaenda kuleta kitambaa.