Ile Jumamosi ya salongo, Asukulu

Siamini bado kwamba ninaandika "marehemu" mbele ya jina la Asukulu. Nimeliandika, nimelifuta, nimeliandika tena.

Wandugu wa hapa Baraka munamjua. Kwa wale wa mbali: Asukulu ndiye fundi wa mota za boti pale pwani, yule mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Jirani yangu, na rafiki yangu tangu shule ya msingi. Amefariki Jumatatu, tumemzika jana.

Kwenye kilio waliniomba niseme neno, maana mtaa mzima unajua mimi ndiye mwenye mdomo. Nilisimama, nikakohoa, nikaketi. Watu wakadhani ni uchungu. Ulikuwepo uchungu, lakini haukuwa peke yake. Ndiyo maana ninaandika hapa.

Kwanza niseme habari zake.

Kutoka kwake mpaka pwani ni mwendo mfupi. Yeye alitumia karibu saa nzima, kwa sababu kila mlango lazima asalimie, na kila salamu lazima aulize mpaka hali ya mbuzi. Wateja wa Kazimia walimngoja kando ya boti wamenuna. Akifika tu, wanacheka, hata kabla hajafungua mota.

Kazi hakuikimbia. Boti ikipata pane, mota imezima katikati ya ziwa, anaitwa yeye. Mashine ya kusaga ikikwama huko Lulimba, anapanda pikipiki na begi la funguo mgongoni, anarudi mwekundu kwa vumbi kama tofali. Jana mzee mmoja alishuka kutoka milimani na kidumu cha maziwa kwa ajili ya watoto. Alisema tu, "Mashine yetu ingali inasaga." Akaketi nasi mpaka jioni.

Na nyumbani! Jioni ulimkuta uani akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga, mbele ya watu wote. Sisi wanaume tulipita pale makusudi.

"Asukulu, bibi amekuoa?"

"Ndiyo, na ananilisha muzuri! Weye wako anakulisha nini, na hiyo mikono laini?"

Mikono laini ni yangu. Mimi ni mwalimu, kitu kizito ninachobeba ni chaki.

Ndivyo tulivyoishi. Namrushia, ananirudishia, grupu yote ya WhatsApp ya mtaa inacheka. Mimi ndiye admin. Cheo hicho nilijipa mwenyewe.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi.

Mvua ilikuwa imeziba mfereji, maji yanaingia majumbani, tukaitisha salongo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Watu wakatoka na machepe. Asukulu hakuonekana. Asukulu! Mtu ambaye siku ya salongo ndiye anatugongea milango! Na mimi, ambaye chepe langu bado linang'aa kama siku lilipotoka dukani, nikaona nafasi yangu imefika. Nikapiga picha ya mfereji, nikaituma kwenye grupu:

"Tangazo. Mutu amepotea. Ameonekana akikimbia chepe. Mwenye kumuona amurudishe kwa bibi yake akatwange sombe."

Walicheka mpaka wale waliohamia Uvira.

Haikupita muda akatokea kwenye kona. Koti limefungwa mpaka shingoni, mwendo wa polepole.

"Nani anasema nimekimbia? Leta hiyo chepe, Mwalimu. Kwako inalala bure."

Akachukua langu, akaingia mferejini. Niliona mikono yake inatetemeka. Niliona. Na nilisema nini? Nilisema, "Jamani, uzee umefika!" Naye akacheka. Alicheka kweli, naapa.

Jioni homa ikapanda. Jumapili wakampeleka hospitali. Jumatatu asubuhi nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta.

Jana baada ya mazishi nilimfuata mke wake, Mama Neema. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, ya mwalimu. Likatoka moja tu:

"Shemeji, ni miye nilimutoa kitandani."

Akajibu:

"Mwalimu, Asukulu hakuna mutu aliweza kumutoa wala kumurudisha. Nilimukataza. Akavaa viatu akicheka, akasema, 'Nikikosa, yule Mwalimu hatanyamaza mwaka muzima.'"

Nikaanza kupumua. Halafu akaongeza, taratibu, bila hasira:

"Lakini alikuwa amelala mugonjwa tangu Alhamisi. Kwako na kwetu ni ukuta moja. Ungeuliza, shemeji. Ungeuliza tu."

Nilikuwa na vidole vya kuandika tangazo, nikakosa miguu ya kuzunguka ukuta. Nilijua kwamba mtu huyu hakosi salongo. Nilikuwa ninajua kuliko wote, na kile nilichokijua nikakigeuza kichekesho.

Leo asubuhi Papa Mmunga, mzee wetu anayetutumia picha ya maua kwenye grupu kila siku, hakutuma kitu. Mmoja akaanza: "Papa, maua yameisha?" Vidole vikaniwasha kuandika. Nikaiacha simu mezani, nikaenda kwake.

Akafungua mlango na mswaki mdomoni.

"Mwalimu? Nani amekufa tena?"

"Hakuna, Papa. Nimekuja kuona kama uko muzima."

"Ni simu njo imezima. Miye niko." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Halafu akanivutia kiti.

Nimekaa kwake muda mrefu, Asukulu. Hatukusema jambo la maana. Nilikuwa ninawaza tu kwamba kukaa hivi kungewezekana na kwako, Alhamisi, Ijumaa, hata ile Jumamosi yenyewe asubuhi.

Nisamehe, ndugu yangu. Wewe ungenisamehe haraka, ninakujua, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi.

Tutawaangalia Mama Neema na watoto, na nitapita mlangoni, si kwenye simu.

Lala sasa. Lala salama, Asukulu. Hakuna tena atakayekuamsha kwa mzaha.