Kipande nilichoongeza kwenye filamu ya udongo ya Mama Josué, Nakivale

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu ndani mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimelifanya na huku nilipo sina wa kumsimulia, kila mtu analijua tayari. Sitapamba. Nilipokosea nitasema nilikosea.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni mtu wa Karagwe. Shule niliiacha kidato cha pili, sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori la ndizi, nimechunga ng'ombe wa watu, nimejifunza kufungua simu na kuzifunga. Ugonjwa wangu ni kuuliza. Nikikuta mtu anafanya kitu nisichokijua, siwezi kupita.

Nilivuka mpaka wa Kikagate kuingia Uganda na begi la vioo vya simu, nia ikiwa nifike Mbarara, nikae wiki mbili, nirudi. Kwenye gari mtu akaniambia Nakivale kuna simu mbovu nyingi kuliko mafundi.

Nikaenda. Huu ni mwaka wa tatu.

Kwa wasiopajua, Nakivale ni makazi ya wakimbizi, makubwa kama wilaya. Nilipanga kibanda upande wa Juru, katikati ya Wakongo wa Kivu ya Kusini. Watu wa maharage na mahindi, na watu wa kanisa haswa. Jumapili hupati hata wa kumuuzia chaja.

Jirani yangu alikuwa Mama Josué, mjane. Watoto watatu: Riziki, binti wa miaka kumi na saba, Josué wa kumi na nne, na Aline wa kumi na mbili. Huyu mama alinipa maharage kabla hajalijua jina langu. Nina miaka thelathini na moja lakini kwake nilikuwa "mutoto ya Tanzania".

Sasa shikeni hili. Hao wanne walikuwa na faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Miaka sita wamelisubiri. Vipimo vya afya walikuwa wameshafanya. Kilichobaki kilikuwa mahojiano ya mwisho, na wito ungekuja kwa simu. Mama Josué alikuwa na simu ya vitufe ambayo betri yake ilishachoka, na kila asubuhi aliileta kwangu niichaji.

"Isizime, mutoto wangu. Ikizima, tunalala huku milele."

Tuje kwenye filamu.

Siku moja kijana Mrundi aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani nikakuta video ya mbuzi wa udongo anakula kitabu. Nikamuuliza imetengenezwaje. Akasema ni stop motion: unapiga picha moja, unamsogeza mbuzi kidogo, unapiga tena. Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja. Ukikohoa ukagusa meza, umeharibu.

Nililala na hilo kichwani siku tatu.

Kumbe kulikuwa na kikundi cha vijana kinaandaa tamasha la filamu hizo, la makazi yote. Filamu zinaonyeshwa Juru, kisha tatu bora zinapelekwa Mbarara, kwenye ukumbi mmoja kule Kamukuzi, mbele ya wageni. Nikajiandikisha. Sina udongo, sina hadithi, lakini jina nimeshaandika.

Udongo tukachimba kwenye kichuguu. Mifupa ya wadoli ni waya wa matairi yaliyochomwa. Milima tukaichora kwenye magunia. Mwanga wa jua ulitushinda, kwa sababu jua linatembea na kivuli kinatembea nalo, tukafunga mlango na kutumia taa ya sola. Wafanyakazi wangu walikuwa watoto wa Mama Josué. Kila mmoja alimvisha mdoli wake kipande cha nguo yake mwenyewe. Riziki alikata pindo la sketi yake ya njano, akamshonea mdoli wake kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama wa fundi.

Hadithi yetu ilikuwa safari yao ya kutoka Kivu. Mama, watoto watatu, mlima, mto, mpaka. Wiki tatu za kusogeza miguu ya udongo.

Nikaitazama. Haina kitu. Watu wanne wanatembea, wanafika.

Nikaenda kumuuliza mama. Tulikuwa tunapukusa maharage uani kwake, watoto wako shambani. Nikauliza njiani walikula nini. Akajibu. Nikauliza walilala wapi. Akajibu. Nikauliza nani alikuwa anaogopa zaidi. Hapo akaendelea kupukusa, kisha akasema bila kuniangalia:

"Riziki si wa tumbo yangu. Ni wa mudogo wangu. Mudogo wangu alikuwa na homa, akaketi kando ya njia, akasema sitaweza tena. Akanipatia mukono ya mutoto. Tulimufunika na majani ya ndizi, hatukukuwa na jembe. Riziki alikuwa na miaka saba. Nikamuambia, kuanzia leo weye ni mukubwa wangu. Kufika huku banauliza, una batoto bangapi? Nikasema batatu. Ni uongo?"

Nikamwambia si uongo. Na wakuu, kwa mila zetu kweli si uongo. Mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, hakuna anayeuliza mara mbili. Lakini kwenye faili, maofisa wanauliza mara tatu.

Akanionya: "Iyi maneno nimekuambia weye. Haitoke."

Nikasema haitatoka, mama.

Mnaweza kuacha kusoma hapa mkipenda. Kuanzia hapa ni mimi tu.

Siku mbili zilizofuata watoto wakiwa shambani, nilijifungia kibandani peke yangu. Niliwaambia narekebisha mwanga. Nilifinyanga mwanamke mwingine. Nikamkalisha kando ya njia. Nikachukua mdoli wa Riziki, nikaweka mkono wake kwenye mkono wa yule mwanamke, halafu picha kwa picha nikauhamisha mkono ule kwenda kwa mama. Picha mia moja na themanini, sekunde kumi na tano. Kwa mikono yangu hii sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho.

Ili kipande kiingie, ilibidi safari ianze na watoto wawili. Nikarudia picha za mwanzo. Simu niliyopigia picha ikajaa, nikafuta zile za zamani.

Nilijiambia udongo hauna jina. Nani atajua?

Siku ya tamasha kanisa lilijaa mchana kweupe. Madirisha yalizibwa kwa magunia, shuka ikawa ndiyo skrini. Ilitangulia filamu ya muhindi mmoja wa kuchoma ulioenda sokoni ukakataa kuuzwa bei ya hasara, watu wakacheka mpaka mchungaji akafuta macho. Kisha yetu.

Kile kipande kikafika. Nyuma yangu bibi mmoja akauliza, "Ule mwanamuke anaketi pale, ni nani?" Mwenzake akamjibu, "Angalia nguo, ile robe ya njano. Si ni kamwana ka Mama Josué, ule Riziki?"

Josué alinigeukia na uso wa mtu aliyepigwa. Riziki hakugeuka. Mama yake alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akatoka.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha choo cha kanisa.

"Nilikuambia weye. Sikuambia kanisa."

"Mama, nisamehe. Nilitaka watu waelewe mlikopita."

"Baelewe nini? Bale ba faili ndio bataelewa. Unatosha ile fasi. Kesho unaitosha."

Kwao kutosha ni kutoa, na fasi ni sehemu. Nikaahidi nitakitoa.

Jioni tukatangazwa kati ya tatu bora. Safari ya Mbarara ilikuwa baada ya siku nne. Nilikaa na ile simu. Nikikata kipande, mdoli wa Riziki anatokea katikati ya njia kutoka hewani, kwa sababu mwanzo wa zamani nilishaufuta. Kuupiga upya ni wiki nzima. Ningeweza kujitoa. Kikundi kingepeleka filamu nyingine na dunia ingeendelea.

Sikujitoa. Nilijiambia Mbarara hakuna anayemjua Mama Josué. Nikamwambia mama nimeshakitoa. Hilo nililisema kwa mdomo wangu, nikimrudishia simu yake ikiwa imejaa chaji.

Kamukuzi nilikwenda na Josué tu. Alikuwa haongei na mimi, lakini hajawahi kufika Mbarara na alitaka kuona. Ukumbi ulikuwa na viti vya kitambaa. Kipande kilipopita, mtu mmoja safu ya mbele alivua miwani. Baada ya hapo mshereheshaji, Mnyankole mchangamfu, akaniita mbele.

"Ssebo," akaniita, yaani bwana, "hii story ni ya ukweli ama mulitunga tu?"

Ukumbi mzima unaniangalia, mimi wa kidato cha pili.

Nikasema: "Ni kweli tupu. Ni familia moja ya Juru. Huyu kijana hapa ndiye yule mtoto wa kiume kwenye filamu."

Wakapiga makofi. Yule wa miwani akaja akampa Josué mkono, akamwambia, "Poleni sana, kijana. Mama yako ni mama ya nguvu."

Alikuwa anamaanisha, naamini hivyo hadi leo.

Wiki tano baadaye simu iliita. Mahojiano. Walienda wote wanne wamevaa za Jumapili. Josué ndiye aliyenisimulia baadaye kwenye foleni ya maji, akiangalia dumu lake.

Mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza ni yule wa miwani. Alimtambua Josué. Josué anasema alikaa muda mrefu akifungua na kufunga kalamu, kana kwamba anatafuta njia ya kutoka humo. Halafu akauliza kwa upole kabisa:

"Mama, hapa tumeandika Riziki ndio wa kwanza. Sasa mbona watu wote wanakuita Mama Josué?"

Fikirieni hilo. Miaka kumi anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, ndivyo wanawake wanavyoitwa, na katika maofisi yote hayo hakuna aliyewahi kusimama akajiuliza. Aliyesimama ni yule aliyeona filamu yangu.

Mama Josué hakuweza kusema uongo. Ukiulizwa watoto wangapi, watatu ni ukweli. Ukiulizwa huyu ulimzaa, huo ni mlango mwingine.

Jibu lilikuja kwa utaratibu. Watatu wanaweza kuendelea. Riziki hana karatasi ya kuonyesha amepewa mama huyu, na miezi michache ijayo ni mtu mzima. Afunguliwe faili lake peke yake, tangu mwanzo. Kama familia haikubali, faili zima linarudi nyuma, na hakuna anayejua nyuma ni wapi.

Mama alikataa. Alikaa wiki mbili anakataa. Mchungaji alikuja, akina mama wa kwaya walikuja. Alimwambia kila mtu jambo moja: "Mudogo wangu aliniachia mukono. Sitauachilia kwa sababu ya ndege."

Aliyemaliza ni Riziki. Siku moja asubuhi alitembea peke yake mpaka ofisini, akasema mbele ya mkalimani kwamba anaomba kutolewa kwenye faili la mama yake mkubwa. Mara ya kwanza katika miaka kumi kumwita hivyo. Akarudi akakuta mama anapika, akamwambia: "Nimeisha kutoka. Sasa mukibaki, mutabaki bure. Aline asome."

Mama aliliacha sufuria likaungua.

Waliondoka mwezi uliopita, basi la asubuhi, mabegi yana vibandiko. Nilisimama mbali, upande wa wauza chapati. Mama Josué aliniona. Nilidhani atapita. Akaja.

"Mutoto ya Tanzania," akasema, "umuangalie." Hakusema amenisamehe na sikuwa na uso wa kuuliza.

Riziki anaishi peke yake kwenye ile nyumba. Ametimiza kumi na nane. Namlimia upande wa maharage siku za Jumanne na Ijumaa. Ananiacha nilime, hanipi maji. Wiki iliyopita ndipo aliniongelesha kwa mara ya kwanza. Alikuja mpaka mwisho wa tuta, akasimama na jembe lake.

"Weye unapenda kuuliza," akasema. "Unauliza bei ya kila kitu, unauliza ndege inapitia wapi. Ile siku umejifungia na mudoli wangu, mbona haukukuja kuniuliza?"

Akarudi kulima.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na nimekipata kwa gharama ya mtu mwingine. Simulizi ya mtu anayesubiri faili si hadithi. Ni paa lake. Hata ukiambiwa kwa hiari, hata ukiona itakuwa nzuri, rudi ukamuulize mwenyewe. Kisha akikwambia ondoa, ondoa.

Sasa naomba msaada wenu, ndiyo sababu ya uzi huu. Kama kuna mtu humu amewahi kuona binti wa dada, aliyelelewa kama mtoto, bila karatasi yoyote, akiunganishwa na familia iliyotangulia nje akiwa ameshavuka miaka kumi na minane, aandike hapa chini. Alianzia ofisi gani, walitaka ushahidi wa namna gani, mashahidi wa kanisa wanakubalika au hawakubaliki. Hata kama mnajua haiwezekani, semeni haiwezekani.

Matusi nayo nayapokea, nitayasoma yote. Ila jibu litangulie. Riziki hana simu yenye intaneti. Nitamsomea mimi, Ijumaa.